Rivyu: watu wa kasa wa Watamu, ukiwapigia simu wanakuja kweli?

Wanakuja. Nimeanza na jibu manake najua wengi mnasoma mistari miwili alafu mnaruka kwenye komenti, sasa hao wameshapata chao, wengine tuendelee.

Nazungumzia Local Ocean Conservation pale Watamu, wako toka 1997, zamani walikuwa Watamu Turtle Watch, na mpaka leo sisi huku tunawaita tu watu wa kasa. Rivyu zao mtandaoni ziko nyingi lakini karibu zote ni za wageni, kasa ni warembo, mtembezaji mchangamfu, duka lina fulana nzuri, picha ya mtoto anachungulia tenki. Si vibaya. Lakini hiyo ni kama kwenda hospitali ukarudi unasifia kantini. Kazi yenyewe waliyoundiwa ni kuokoa kasa walioumia na walionaswa nyavuni, na mtu wa hapa anachotaka kujua ni hivi, nikikutana na kasa asubuhi kwenye mchanga, au akiingia kwenye jarife langu la kuvulia, nikapiga simu, nini kinatokea? Mimi naishi huku, shemeji yangu ni mvuvi wa Mida, lile hori la hapa Watamu, kwa hiyo hii huduma nimeiona kutokea upande wa mvuvi na upande wa mpita njia tu wa ufuoni, na kiingilio pia nimelipa nikaingia na watoto wa dada yangu waliotoka Nairobi likizo.

Tuanze na wavuvi kwa sababu wao ndio wenye hii kazi, sio watalii. Kasa anavuta hewa kama wewe na mimi, lazima apande juu apumue, akinaswa chini kwenye nyavu anakufa maji, ndio, kasa anakufa maji baharini kwao, watu wa bara hawaamini ukiwaambia. Sasa mvuvi anavuta nyavu anakuta kasa kajisokota humo, nyavu imechanika, samaki wa siku ile ndio hao wamekwenda zao, na huyo mnyama sheria haimruhusu kumfanya kitu, ile sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo, ukikutwa na nyama yake au mafuta yake unaenda kortini. Zamani mambo yalikuwa yanamalizwa hapo hapo chomboni, nyama inagawanywa, mafuta yanauzwa ati dawa ya pumu, kila mtu kimya. Hawa jamaa toka 1998 wakaleta utaratibu mwingine, mvuvi anapiga simu, gari linakuja mpaka diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, kasa anapimwa, anaangaliwa kama ana jeraha, anavishwa kibati chenye namba kwenye pezi, akiwa mzima anarudishwa baharini ndani ya hifadhi ya Watamu, ile iliyotengwa 1968, akiwa mgonjwa anaenda kulazwa. Na mvuvi anapewa kitu kidogo. Si kile kitu kidogo mnachokijua nyinyi wa barabarani, ni fidia ya muda wake na simu na usumbufu basi, haikaribii bei ambayo huyo kasa angeuzwa kwa siri. Kwa njia hii wamesharudisha kasa zaidi ya 20,000, na hao wote, kila mmoja, kuna mtu alishika simu akapiga badala ya kushika kisu.

Kuna siku nilikuwepo. Shemeji alitega usiku karibu na mlango wa Mida, alfajiri akarudi na ng'amba mdogo, aina mojawapo ya kasa, kamlaza juu ya gunia lililoloweshwa, pezi la mbele limekatwa na uzi wa nailoni mpaka nyama nyeupe inaonekana. Akapiga mwenyewe akaweka spika. Nilidhani ataanza kuulizwa wewe ni nani, una leseni, ulitega wapi na kwa nini, hapana, swali la kwanza likawa anapumua? La pili, uzi bado uko mwilini? La tatu ndio uko diko gani. Wakamwambia ule unaoning'inia aukate asije akajifunga zaidi, ila ulioingia kwenye nyama asiuvute kabisa, auache kama ulivyo, amweke kivulini na asimrudishe majini. Basi.

Walikuja wawili, kijana na dada mmoja, shikamoo mzee, marahaba, poleni na kazi, yani salamu zikatimia kwanza, na hilo dogo msilidharau, mvuvi akisalimiwa vizuri mbele ya wenzake kesho wenzake nao wanapiga. Dada akakaa chini mchangani kabisa, akatoa utepe wa fundi cherehani akaulaza juu ya gamba kufuata mgongo ulivyobinuka, urefu, kisha upana, kijana anaandika. Ng'amba akainua kichwa akatoa pumzi moja nzito, phuuu, na wote tukaruka nyuma isipokuwa dada, yeye akacheka akasema huyu nguvu bado anazo. Wakambeba kwa gamba, mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine juu ya mkia, si kwa mapezi, mapezi huteguka. Taulo la maji juu, ndani ya kreti, wakaondoka. Hakuna aliyemhubiria shemeji kuhusu mazingira. Wala hakuna aliyeuliza hiyo nyavu ina matundu ya inchi ngapi kwa sauti ya kipolisi. Waliandika ni nyavu ya aina gani kwa sababu wanaweka rekodi, akasaini, mambo yakaisha.

Na hapa nijibu lile la siku zote la watu wa WhatsApp, kwamba kumlipa mvuvi ni kumfundisha akategee kasa makusudi apate hela. Nimelisikia mpaka kwa watu wasomi. Hebu pigeni hesabu basi. Mtu aharibu nyavu yake, apoteze samaki wa siku nzima, akae diko anasubiri gari, kwa hela ambayo haikununulii hata kipande cha nyavu cha kushonea kiraka? Mvuvi si mjinga hivo. Hata wakitokea wawili watatu wajanja, vile vibati vina namba, kasa yule yule akirudi kwa mtu yule yule itaonekana tu. Kwangu mimi hiyo fidia ndio akili ya mpango mzima, manake ukimwambia mtu mwenye njaa apende wanyama bila kumrudishia hata hela ya kredo unakuwa unamtania.

Kitu kimoja walichowafundisha wavuvi na sijawahi kukiona kwenye rivyu yoyote, ni kuhusu kasa anayeonekana amekufa. Akitoka nyavuni amelegea, macho yamefumba, hapumui, usimtupe. Wengi huwa wamezimia tu. Unamlaza kwa tumbo, sio chali, unamuinua sehemu ya nyuma juu kidogo kama shubiri moja kwa kuweka gunia au ubao chini ili maji yatoke kwenye mapafu, kivulini, unamlowesha, na unasubiri. Inaweza kuchukua masaa, hata siku nzima. Unamgusa kope au mkia taratibu mara moja moja, akishtuka kidogo tu ujue yumo. Shemeji anasema alishamwona mmoja aliyekuwa amelala hivyo toka alfajiri, adhuhuri akapiga mkono chini paa, mtoto aliyekuwa anamchungulia akakimbia mpaka kwao.

Sasa upande wa ufuoni ndio kuna vituko, na vituko si vyao, ni vyetu sisi. Asubuhi moja mbele ya hoteli moja, sitaitaja, nimekuta kundi la watu linamsukuma kasa majini, wimbi linamrudisha, wanamsukuma tena, wanapiga makofi, simu zote juu. Askari wa hoteli ndio kiongozi wa msafara. Jamani. Kasa mzima hana biashara ya kulala ufuoni mchana huku kwetu, anayetoka nje ni jike anayekuja kutaga na mara nyingi ni usiku. Ukimwona mchana amelala tu, au anaelea upande mmoja juu hawezi kuzama, huyo ni mgonjwa, na kumrudisha baharini ni kumpeleka akafie mbali na macho yenu, basi, hakuna mlichookoa. Nikapiga kwanza namba iliyoandikwa kwenye bango chakavu pale karibu, ya ofisi fulani, nikajibiwa nipige Jumatatu. Jumatatu! Kasa naye asubiri Jumatatu. Nikawapigia watu wa kasa, wakasema tunakuja, na walifika kabla jua halijawa kali.

Katika kusubiri ndio nikajifunza, na kusema kweli haya maelekezo ya kwenye simu peke yake yanatosha kuwapa nyota zote. Kivuli kwanza, kama hakuna mti basi watu wasimame upande wa jua wakinge. Kitambaa cha maji juu ya gamba ila pua na macho viachwe wazi, kuna bwana alikuwa anammwagia maji usoni kwa huruma zake, akaambiwa aache, kasa aliyechoka maji yakimwingia puani yanamkaba. Kwa sababu hiyo hiyo usimtie kwenye karai la maji, ati ni wa baharini atapenda, kama hana nguvu ya kuinua kichwa atakufa humo humo mbele yako. Usimpe chakula. Usimlaze chali, mapafu yake yako juu chini ya gamba, ukimgeuza matumbo yote yanayalalia. Mbwa wafukuzwe. Na kama kuna mshipi unaning'inia mdomoni au huko nyuma, tafadhali sana, mikono mbali, manake upande wa pili wa huo mshipi huenda kuna ndoana imeshika utumbo na ukivuta unachana tumbo zima. Ukimaliza kumshika nawa mikono kwa sabuni, wana bakteria wa salmonela hawa, na watoto msiwaache wambusu kwa ajili ya picha.

La vifaranga vya kasa ni hadithi nyingine kabisa. Kila mwaka kuna mtu anawakuta wanatambaa anasema masikini yatima mama yao kawatupa, anawakusanya kwenye beseni anawapeleka nyumbani. Hakuna mama anayerudi kwa kasa, anataga, anafukia, anakwenda zake, mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili na wao wanajitoa wenyewe. Hawajatupwa. Waache watembee wenyewe mpaka majini, ukitaka kusaidia simama uwafukuze kunguru, na kama ni usiku mwambie mwenye baa azime zile taa za kuelekea baharini, kifaranga hufuata mwanga, akiona taa za baa anageuka anaelekea barabarani. Wakipotea hivyo au wakitoka mchana wa jua kali, piga simu, utaambiwa la kufanya.

Haya, kituo chenyewe. Ukiingia kama mgeni unalipa, unatembezwa, unaelezwa. Si bustani ya wanyama, na kama ulitegemea kuogelea na kasa au kumlisha mwani upigwe picha, nenda kwingine, sehemu za hivyo ziko. Hapa hushiki kitu. Yule mdogo kati ya watoto wa dada yangu alinuna, akauliza mbona hatuwezi hata kumgusa huyo mmoja, mtembezaji akamwambia wewe ukilazwa na homa unataka watu hamsini waje wakuguse? Akanyamaza. Kasa kila mmoja na tenki lake, wakiwekwa pamoja wanang'atana. Yule niliyemtazama sana alikuwa anaelea makalio juu, kichwa chini, anapiga mapezi ashuke hawezi, anarudi juu vile vile. Gesi hiyo. Tumbo limezibwa na plastiki, chakula kinachacha ndani, gesi inajaa, na kasa asiyeweza kuzama hapati chakula na kila boti ya kasi inampitia juu. Wanampa vitu vya kulainisha tumbo, wanamlisha ngisi, wanasubiri atoe, na kusubiri huko ni wiki, wengine miezi. Mtembezaji akawaonyesha watoto chupa yenye vipande vilivyotoka kwa wagonjwa, mifuko, vifuniko, nyuzi, na mkubwa wao akatambua karatasi ya peremende anayoinunua yeye kila siku shuleni. Yule aliyenuna akanuna tena kwa sababu nyingine.

Wengine wana vinundu, ugonjwa unaohusishwa na virusi wa jamii ya herpesi, vinaota shingoni, kwenye mapezi, mpaka machoni hawaoni, hao hufanyiwa upasuaji. Wengine wamekuja wamejaa vile vigumu vinavyoganda chini ya mashua, gamba lote halionekani, hiyo ni ishara kwamba amekuwa mgonjwa siku nyingi na hasogei, wanalowekwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi vinaachia. Na wengine wanakufa. Hili wanalisema wazi hawalifichi, na mimi nimelipenda, manake kuna sehemu nyingine kila mnyama anapona kwenye ukurasa wao mpaka unashuku.

Kama bado kuna mtu anasoma hapa anajiambia mimi nikimpata nitampika, msikilize Pemba. Machi 2024 kisiwa cha Panza watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa na makumi wengine wakalazwa, na Novemba 2021 huko huko Pemba walikuwa wamekufa 7. Si kwamba ilioza. Ni sumu ambayo kasa wengine huwa nayo mwilini, hainuki, haionekani, huimalizi kwa kuchemsha wala kuchoma, na hospitalini hakuna dawa ya kuiondoa, unatibiwa dalili tu. Wazee walikuwa wanamrushia kunguru kipande kwanza waone, lakini mtoto huwezi kumwambia asubiri matokeo ya kunguru.

Sasa msije mkawapigia hawa kwa kila mnyama, wao ni wa bahari. Nyoka akiingia nyumbani hapa Watamu kuna Bio-Ken, shamba la nyoka lililoanzishwa 1980, hao ndio wanaokuja kumtoa, usimuue na usijaribu kumshika kwa fagio. Kule Diani mbega au kima akipigwa na umeme au gari, ni Colobus Conservation, wale waliotundika madaraja ya kamba juu ya barabara nyani na jamaa zake wavuke, na kwa kasa Local Ocean wana watu wao Diani pia. Mahali pengine popote ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Na mbega aliyeumia msimpe ndizi wala mkate, tumbo lake ni la majani, sukari inamvurugia tumbo lote, hata ukiona anakula kwa hamu. Paa mchanga ukimkuta kajikunyata kwenye nyasi peke yake pia muache, mama yake kamficha kaenda kula, ukimchukua wewe ndiye umemfanya yatima. Kufuga nyumbani bila kibali cha KWS ni kosa, hata kama nia ni njema, na wengi waliopelekwa vituoni wakiwa wakubwa na wakali ni wale walioanza kwa ooh jamani mdogo huyo nimlee.

Kufika: ukitoka Mombasa panda gari la Malindi ushuke Gede, pale njia panda tuktuk na boda ziko kila saa, waambie watu wa kasa. Ukitoka Malindi ni karibu. Nendeni asubuhi, mchana joto la Watamu halina huruma na watoto wanaanza kuuliza aiskrimu. Mkiwa wenyeji bebeni kitambulisho. Kiingilio kinaingia kwenye dawa na mafuta ya gari la kwenda diko, kwa hiyo hapo mimi sibembelezi bei, na mnajua mimi hubembeleza mpaka bei ya mchicha.

Nyota zote. Namba yao iko kwenye ukurasa wao, isevu kabla hujashuka ufuoni manake ndani ya Mida mtandao hukatika, na ukipiga uwe na majibu tayari, anapumua au hapumui, yuko wapi hasa, taja hoteli au diko la karibu, ana ukubwa gani, ana jeraha au uzi. Hata aliyekufa wapigie, wanaandika rekodi yake na kibati chake kama anacho. BMU nyingi, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia diko, wanayo hiyo namba, ukikwama muulize mvuvi yeyote, ila usimuulize huku umeshika simu unamrekodi, atakuambia hajui.